Redio ya CD ya mezani: uliza ilikotoka kabla ya kuuliza bei

Redio ya kwanza niliyomnunulia mama ilikuwa nzuri mno. Mtumba wa Japani, boksi la mbao, spika mbili, saa ya kijani inayowaka, na CD ikimezwa taratibu kwa mbele kama mtu anayekunywa uji wa moto. Dukani iliimba mpaka wapita njia wakasimama. Nikapanda nayo daladala hadi Kiboriloni, kisha Old Moshi, nikaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni na kuanza kutafuta Sauti ya Injili. Namba zikapanda: 86, 88, 89, 90. Halafu zikarudi 76. Nikajaribu tena, zikarudi 76.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake akisubiri kipindi. "Mwanangu," akasema, "hii redio haijui njia ya kuja kwetu?"

Wala haikuwa mbovu. Japani walizipangia redio zao za FM masafa ya 76 hadi 90 MHz, sisi FM yetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Zinapokutana ni kipande kidogo tu, na stesheni za mama hazimo. Muuzaji alinipigia CD, mimi nikasahau kuomba redio, tukaagana kwa furaha. Mara ya pili sikuenda kichwa kichwa. Hatua ninazoandika hapa ndizo nilizofuata safari hiyo, na tangu hapo nimewasaidia majirani wanne kuchagua, wawili wa Moshi na wawili wa Arusha.

Kwanza: fungua boksi la CD zako

Wengi huanzia dukani. Wewe anzia chini ya kitanda, kwenye lile boksi la viatu ambamo CD zimelala. Zimwage mezani uzipange mafungu matatu, kwa sababu jina la "CD" tumelipa vitu vingi visivyofanana.

Fungu la kwanza ni CD za muziki zilizotoka kiwandani. Upande wa chini ni fedha tupu. Hizi hazina maneno: zinasomwa na mashine yoyote ya CD, tangu ile ya kwanza ya Sony iliyoingia madukani Japani mwaka 1982. Moja hubeba dakika 74 hadi 80.

Fungu la pili ni zile zilizochomwa kwenye kompyuta. Zigeuze, utaona chini kuna kivuli cha kijani, bluu au dhahabu. Nyingine zimechomwa kama CD za muziki za kawaida, nyingine ni MP3, yaani zile zinazouzwa stendi kwa jina la "nyimbo 150". CD ya MB 700 ikijazwa MP3 za kiwango cha chini cha kawaida hufikisha kama saa 12 za muziki. Redio isiyojua MP3 itaizungusha, itafikiri kidogo, kisha itakuambia hakuna CD ndani. Kwa hiyo ukiwa nazo nyingi, tafuta maandishi ya MP3 usoni mwa redio kabla hujasikiliza hadithi ya muuzaji.

Fungu la tatu ni VCD na DVD, na kwetu hili ndilo linaloumiza watu. Kwaya zetu zilipenda kutoa video. Kwenye boksi la mama nilikuta 41, na 17 kati yake hazikuwa CD za muziki kabisa. Zilikuwa za kuangalia. Kwa macho zote ni duara la sentimita 12. Redio ya CD haiwezi kusoma DVD hata uisugue namna gani: alama zilizochongwa kwenye DVD ni ndogo zaidi, na mwanga wa kuzisomea ni mwingine, nanomita 650, wakati jicho la CD, yaani leza inayoisoma, hutoa mwanga wa nanomita 780. VCD nazo usizitegemee. Kama boksi lako limejaa hizo, unachohitaji ni deki ya DVD na spika, siyo redio ya CD, na ninakuokolea pesa hapa hapa. Mimi nilimpa kijana mwenye kompyuta zile 17 akazitoa sauti na kuzitia kwenye fleshi.

Ukiwa bado mezani, inua kila CD dhidi ya taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, hiyo imekwisha. Tabaka linaloakisi mwanga limelala chini kidogo tu ya upande wenye maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu, tunaoudharau, ndio unaoua. Upande wa chini una plastiki nene ya zaidi ya milimita moja na huvumilia mengi. Nao una ubaguzi wake: mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mashine huuvuka, kwa sababu taarifa zimetawanywa ili kilichopotea kijazwe na kilichobaki. Mkwaruzo unaozunguka kufuata duara hukata taarifa nyingi zilizopangana, na hapo ndipo wimbo unaganda. Ndiyo sababu CD hufutwa kwa kwenda moja kwa moja toka katikati kwenda nje. Kufuta kwa kuzungusha, kama mtu anayeosha sahani, ni kuiharibu kwa upole.

Pili: geuza redio, soma mgongo wake

Nyuma au chini ya kila redio kuna kibandiko. Kisome kabla ya kusikiliza chochote, maana kinakuambia ilikotoka, na ilikotoka kunaamua karibu kila kitu.

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Kibandiko kikisema 220–240V 50Hz, iko nyumbani. Kikisema 100–240V, itakula popote. Kikisema 100V, ni ya Japani. Kikisema 120V 60Hz, ni ya Marekani. Hizi mbili za mwisho zinahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma iwe na wati nyingi kuliko redio. Mimi huchukua mara mbili ili isichemke.

Hatari yenyewe iko kwenye plagi. Plagi ya Japani ina meno mawili bapa, na inaingia vizuri kabisa kwenye zile ekstensheni zetu zenye matundu ya kila namna. Mgeni akihamisha redio ili achaji simu, kisha akairudisha ukutani bila transfoma, utasikia "paa" na harufu. Nyumba yenye watoto au wageni wengi, mashine ya volti 100 ni bomu lenye muziki.

Mizunguko nayo ina vituko. Redio za zamani zenye saa, baadhi yake huhesabu muda kwa kufuata umeme wenyewe. Saa iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 ikipewa 50 huchelewa dakika 10 kila saa moja. Transfoma haiponyi hilo. Jirani yangu wa Majengo alidhani saa yake ina betri mbovu, kumbe ilikuwa bado inaishi Marekani.

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Kinachoua vifaa mara nyingi ni kishindo cha umeme unaporudi. Kama una kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, redio nayo ikae hapo. Kuhusu Luku usiogope: redio ya wati 15 ikiwaka saa 8 kila siku kwa siku 30 hula yuniti 3.6 tu.

Wa sola watafute tundu lililoandikwa DC IN 12V, na waangalie mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko ndani au nje. Wa betri wajue kwamba mota ya CD inakula betri kwa pupa. Redio peke yake hula kidogo. Betri zisizotumika zitolewe, zikivuja zinakula chuma.

Tatu: bendi

Nimeshasema kuhusu Japani, lakini siyo zote za kukataa. Za miaka ya karibuni huenda hadi 95, nyingine hadi 108. Na ziko za zamani zenye mshale zilizoandikwa FM/TV 76–108. Wajapani walikuwa wakisikiliza sauti ya runinga kwenye kipande cha juu ya 90. Mshale ukitembea mfululizo hadi 108, hiyo inafaa kabisa hapa. Ila ya aina hiyo yenye tarakimu haitembei, inarukia chaneli tatu za runinga ya Japani basi.

Za Marekani zina kasoro nyingine ambayo wauzaji wengi hawaijui. FM yao ni 88 hadi 108 kama yetu, lakini zenye tarakimu huruka kwa hatua ya 0.2 na kutua kwenye desimali zisizogawanyika kwa mbili tu: 92.1, 92.3, 92.5. Stesheni iliyo 92.2 inapitwa katikati, unaisikia kwa pembeni ikiwa na mikwaruzo. Masafa ya kati (AM) nayo yanaruka kwa kHz 10, sisi ni 9. Baadhi zina swichi ndogo chini ya kubadili; ulizia.

Za Uingereza na Ulaya kwa ujumla ndizo ndugu zetu: volti 230, mizunguko 50, FM 87.5 hadi 108, masafa ya kati kwa hatua ya 9, na za Uingereza zinakuja na plagi ile ile ya meno matatu. Kitu kimoja tu: usidanganyike na herufi kubwa za DAB. Hayo ni matangazo ya kidijitali ya huko kwao. Redio iwe na FM pia, la sivyo umenunua saa ya mezani.

Masafa mafupi je? Mama aliyazoea. Sauti ya Injili ya Moshi ilianza kama studio ya kuandaa vipindi vilivyorushwa kutoka Addis Ababa kwa masafa mafupi, hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa stesheni ile mwaka 1977. Alipokuwa msichana walikuwa wakiisikiliza ikipanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Siku hizi anaipata FM toka mjini, safi. Redio nyingi za CD hazina masafa mafupi, nami sikuyatafuta.

Nne: nyumba yako iko wapi?

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayapandi mlima na hayashuki korongoni kwa hiari. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunalijua hili bila kusoma: aliye juu ya kilima anapata stesheni za mjini kama yuko mjini, na jirani yake wa chini karibu na kijito anasikia "shiiii". Ni hivyo hivyo kwenye vilima vinavyozunguka mlima Meru. Wa tambarare za Unga Limited hana shida aliyo nayo mwenzake aliyejificha nyuma ya kilima.

Kabla ya kununua, chukua simu yenye redio ya FM, chomeka hedifoni (waya wake ndiyo antena), kaa pale pale utakapoweka redio, usikilize stesheni zako. Zikija safi, antena yoyote itatosha. Zikija kwa shida, lazima redio iwe na antena ya kuvuta au tundu la kuchomeka antena ya nje. Baadhi ya redio nzuri za mezani hazina antena inayoonekana. Zinatumia waya wa umeme wenyewe kunasa mawimbi. Mjini zinafanya kazi. Korongoni utajuta.

Ukishapata yenye tundu la antena, waya wa bei ndogo hufanya maajabu: mikono miwili ya sentimita 75 kila mmoja, inyooshwe kama herufi T ukutani, karibu na dirisha. Urefu huo siyo wa kubahatisha, ni robo ya wimbi la 100 MHz. Geuza T polepole mpaka mikwaruzo ipungue, ndipo upigilie misumari. Ikibaki mikwaruzo kidogo, tafuta swichi ya MONO. Stirio inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Ukiibadili kuwa mono, kelele hushuka hapo hapo, na kwa taarifa ya habari hukosi kitu.

Tano: jicho

Fundi redio hawezi kukuambia "lenzi ya leza imepungua nguvu". Atakuambia jicho limechoka. Na jicho likichoka, redio ya CD inabaki redio tu.

Hapa lipo suala la mlango wa CD. Kuna aina tatu. Ya kufunguka juu kama sufuria, ya kutoa ulimi, na ya kumeza. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya kumeza, nikaipenda kwa sababu hiyo, na leo nisingeigusa. CD ikikwama ndani hakuna pa kuingiza kidole, na jicho huwezi kulifikia bila kufungua boksi zima. Ya ulimi ina mkanda mdogo wa mpira unaolegea kwa umri. Ulimi unagoma kutoka, fundi anabadilisha mkanda, mnaendelea. Ya kufunguka juu ndiyo inayoonekana ya kishamba, na ndiyo ninayoipendekeza. Ukifungua kifuniko jicho hilo hapo, unalifuta mwenyewe.

Maana vumbi letu si la mchezo. Kiangazi, barabara za mitaa ya Pasua au Kwa Mrombo zinapovukizwa na bodaboda, ndani ya wiki meza inaandikika jina. Halafu kuna mende. Redio ina joto, giza na matundu. Kwa mende hiyo ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi. Fundi mmoja alinifungulia redio ya mteja wake akanionyesha ukoo mzima.

Kufuta jicho: zima, chomoa, chukua kijiti cha pamba ya masikio, kichovye kidogo kwenye spiriti safi ya kusafishia vifaa (siyo ile ya bluu ya jiko, inaacha ukungu), pangusa kwa wepesi kama unayempangusa mtoto jicho, acha ikauke. Kamwe usilichungulie likiwa linawaka. Mwanga wake karibu hauonekani lakini ni leza.

Uliza pia kama jicho lake linapatikana. Mafundi wanayajua kwa namba, na kuna namba zilizotumika kwenye mashine nyingi sana, mfano KSS-213 ya Sony. Mashine yenye jicho linalojulikana ina maisha ya pili. Yenye jicho la ajabu, likifa umeizika.

Sita: sauti, na uongo wa wati

Boksi limeandikwa wati 2000 PMPO. Igeuze redio usome kibandiko kile kile: inatumia wati 18. Mashine haiwezi kutoa nguvu ambayo haijala. PMPO ni hesabu ya kupamba boksi. Namba ya kuamini ni ile ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na kwa redio ndogo ya mezani wati 2 hadi 10 zinatosha sebule.

Mimi sina ugomvi na sabufa, kila kitu na mahali pake. Lakini redio ya mezani kazi yake kubwa ni sauti ya mtu: habari, mahubiri, mpira, solo la kwaya. Kwa hiyo ijaribu na msomaji wa habari, si na bongo fleva. Punguza sauti mpaka iwe ya chini, rudi nyuma hatua tano, usikilize kama bado unapata kila neno. Kisha ipandishe juu kabisa uweke wimbo wenye besi, uweke kiganja juu ya boksi. Plastiki nyepesi itatetemeka na kulia "zrrr". Boksi la mbao au la plastiki nene hutulia. Spika moja nzuri ya mbele inashinda mbili za kubahatisha, hasa sebule ikiwa ndogo kiasi kwamba kushoto na kulia ni hatua moja.

Matundu mengine

AUX, tundu la kuchomeka waya kutoka kwenye simu, iwepo, ndiyo itakayokuokoa siku jicho likifa. Bluetooth ni raha lakini siyo lazima ukishakuwa na AUX. Fleshi ifomatiwe kwa FAT32. Redio nyingi hazitambui mifumo mingine, na watu hulaumu fleshi bure. Rimoti hupotea.

Saba: dukani

Iwe unazunguka maduka ya Arusha kuanzia Soko Kuu hadi Kilombero, au uko Moshi mjini, nenda na vitu vitatu kwenye pochi: CD moja halisi, moja iliyochomwa, na fleshi. Nenda mchana, wakati umeme upo na hujachoka.

Safari yangu ya pili nilikwenda na mzee mmoja fundi, jirani yetu. Nilimwamkia asubuhi, nikamweleza, akacheka sana kuhusu ile ya kwanza. Tukafika, muuzaji akaanza, "Dada, hii ni orijino kabisa, sikiliza," akaweka CD, wimbo wa kwanza ukatoka mzuri.

"Weka wa mwisho," mzee akasema.

"Mzee, si umesikia inaimba?"

"Nimesikia. Weka wa mwisho."

Wimbo wa mwisho ukaanza kukatakata. Mzee akanieleza tukiwa tunatoka. CD haisomwi kama santuri ya zamani. Inaanza karibu na tundu la katikati inakwenda nje. Wimbo wa kwanza uko ndani, ambako jicho limekaa pale pale linapopumzika. Wa mwisho uko ukingoni, jicho linatakiwa kusafiri reli yote, na duara lililopinda kidogo linayumba zaidi huko. Mashine iliyochoka inaonekana mzima mwanzoni na kuumbuka mwishoni. Kwa hiyo kila mahali omba wimbo wa mwisho.

Baada ya hapo weka ile iliyochomwa, kwa sababu inaakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na jicho dhaifu hushindwa jaribio hilo. Ikichukua zaidi ya sekunde kumi na tano ikizunguka bila kujua ina nyimbo ngapi, achana nayo. Gonga boksi kidogo kwa kidole wakati inaimba. Zungusha kitufe cha sauti taratibu uone kama kinakwaruza. Panda redio hadi mwisho wa juu, 107 na kitu, ushuke hadi 88, ukitua kwenye stesheni unazozijua: TBC Taifa, na kama uko Arusha, Radio 5. Chomoa plagi, hesabu hadi sitini, rudisha. Angalia kama imekumbuka saa na stesheni. Isipokumbuka, kila umeme ukikatika utaanza upya, na mama hataipigia TANESCO simu, atakupigia wewe.

Mwisho iache iwake ukiwa unabishana bei. Dakika ishirini za maneno ni kipimo kizuri cha joto. Weka mkono mgongoni mwake, nusa.

Kuhusu majina. Watu wazima watakukumbusha kwamba Philips waliwahi kuunganisha redio Arusha hapa hapa, na za National zilikuwa zikitoka Dar es Salaam, na kwamba zile hazikufa. Sawa. Lakini jina lililoandikwa leo kwenye plastiki linaweza kuwa na herufi moja iliyoongezwa au kupungua, na unaona haraka tu. Soma jina herufi kwa herufi, kisha linganisha la kwenye boksi na la kwenye kibandiko. Dai risiti ya EFD na maandishi ya waranti. Pale palipobandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", majaribio yako ya dukani ndiyo waranti yenyewe.

Mpya au mtumba? Kwa mtu anayesikiliza zaidi redio na CD mara mojamoja, ningenunua mpya ya kawaida, ya kufunguka juu, volti 230, yenye antena ya kuvuta. Anayependa sauti nzuri na ana fundi wa karibu, mtumba wa Ulaya. Mtumba wa Japani ni kwa anayejua anachofanya. Mimi sikuwa najua.

Nane: ukishaifikisha nyumbani

Iweke juu ya kitu kisichotikisika, mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na mbali kidogo na chaja za simu na taa za LED za bei rahisi, ambazo hupiga kelele kwenye masafa ya kati. Usiibane kati ya ukuta na kabati la chuma. Bati na chuma huziba mawimbi. CD zisimamishwe kwenye kava zake kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Usiku acha mlango wa CD umefungwa, hata kama hakuna CD ndani.

Ile ya Japani ninayo bado, iko jikoni kwangu na transfoma yake, nimeandika kwa kalamu ya maka kwenye waya "USICHOMEKE UKUTANI". Inapiga CD na simu kwa AUX, haijawahi kusikia stesheni hata moja ya Kilimanjaro.

Ya mama ni ya kufunguka juu, nyeusi, haina uzuri wowote. Siku ya kwanza aliifunika kwa kitambaa chake cha kudarizi kama alivyofunika runinga na friji, na matundu ya kupumulia yakazibika. Tulijadiliana wiki mbili. Sasa kitambaa kiko chini ya redio, kinaning'inia mbele ya kabati, na cha juu anakitandika usiku tu, baada ya kuchomoa.